Karatasi Isiyoguswa na Mkono wa Mtu

Mimi ndiye niliyeiambia kamati ya maji kwamba mashine haidanganyi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama mbele yao katika ukumbi wa kanisa kule Kalama, nimevaa koti ninalovaa nikienda interviu, nikayatamka maneno hayo kwa sauti ya mtu aliyesoma, na wao wakatikisa vichwa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye hata akikusalimu utadhani anaita rejista, aliandika kitu kwenye daftari lake. Naamini aliandika hayo hayo.

Habari yenyewe ilimhusu anti yangu, mdogo wake mama. Yeye ndiye aliyeshika pampu ya kisima cha jamii, kisima kirefu kilichochimbwa na mashine, na nyumba zote za upande ule wa kilima zilichota hapo. Ufunguo wa kibanda cha pampu aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila siku alfajiri aliwasha redio, akangoja ile milio ya kabla ya habari, akarekebisha saa yake ya mkononi, kisha akateremka kisimani na kaunta buku yake kwapani, lile daftari nene la jalada gumu. Humo aliandika kila kitu: pampu imewashwa saa ngapi, tangi limejaa saa ngapi, stima imepotea saa ngapi, imerudi saa ngapi. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa polepole, wa mtu aliyeacha shule mapema na hakuwahi kuisamehe shule kwa hilo.

Malalamiko yalikuwa kwamba kuna siku maji hayatoki mpaka saa nne. Watu wanapanga mitungi, punda wanasimama wamechoka kusimama, watoto wanaenda shule bila kunawa. Anti alisema stima hupotea. Watu walisema stima ilikuwepo, kwa sababu nyumbani kwao taa zilikuwa zinawaka na simu zinachaji. Wakasema yeye huanza kwanza na maharagwe yake shambani, akimaliza ndipo akumbuke pampu.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Nyumba hutumia waya mmoja wa stima. Pampu kubwa kama ile inataka nyaya tatu kwa pamoja, na transfoma ile ilikuwa imezeeka; asubuhi nyingine waya mmoja ulikuwa unakatika, mbili zikabaki. Mwenye taa anaona mwanga, mwenye pampu hana kitu. Kinu cha kusaga ambacho kingeweza kumtolea anti ushahidi kilikuwa cha dizeli. Kwa hiyo alibaki yeye na kitabu chake, na kitabu aliandika mwenyewe.

Mimi hufanya kazi ya kompyuta mjini Machakos, katika chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari. Nilifunga kifaa kidogo kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, chenye laini ya simu ndani yake. Kazi yake ilikuwa kuziangalia zile nyaya tatu na kuandika kila dakika: upo, upo, haupo. Maandishi ya namna hiyo ndiyo sisi huita logi, na logi zote zilikuja kwenye kompyuta ya ofisini, ambako dashibodi ilizichora kuwa mistari ya rangi. Baada ya mwezi mmoja niliifungua dashibodi, nikaweka kaunta buku ya anti, niliyoiazima kwa siku moja, kando ya kioo cha kompyuta. Jumanne, stima ilipotea saa moja na dakika kumi asubuhi, ikarudi saa nne na dakika tano. Kitabu kilisema hivyo, kioo kikasema hivyo. Siku tatu za mwezi ule zilikuwa mbaya, na zote tatu zililingana.

Nilimpigia simu pale pale. "Anti, umeshinda."

"Sijashinda kitu," akasema. "Hao wazee wameona?"

Wazee hawakutaka kuona. Nilipojitolea kuwabebea laptopu, mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani, kisha akasema, "Kompyuta ni yako, na wewe ni mtoto wa dada yake. Tutajuaje hukutengeneza hiyo picha?"

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya, lakini swali lake lilikuwa sawa kabisa. Ni swali ambalo mimi mwenyewe ningeliuliza. Ndipo nikawaahidi karatasi ambayo haitaguswa na mkono wa mtu. Dashibodi itaitengeneza yenyewe, nikasema, itaituma yenyewe kwa baruapepe ya kanisa, karani wa kanisa ataichapisha, na mimi nitaiona siku ile ile mtakapoiona. Hapo ndipo niliposema lile neno la mashine na uongo. Mkutano ulikuwa umebakiza wiki mbili, na ajenda ya nne ilikuwa utendaji wa mhudumu wa pampu. Kila mtu alijua maana ya ajenda hiyo. Karatasi isipokuja, anti ataurudisha ufunguo.

Dashibodi yetu haikuwa na uwezo wa kutoa karatasi. Ilihitaji kuongezewa programu ndogo, plagini ya ripoti, inayoifungua dashibodi kimyakimya, inaipiga picha, inapanga jedwali, na kutuma. Na programu hizi siku hizi haziwekwi kwenye kompyuta hivi hivi. Huwekwa ndani ya kontena. Asiyejua kontena akumbuke sanduku la bati la mtoto wa bweni. Unamfungia kila kitu chake, sahani, kijiko, kufuli, sabuni, ili popote atakapopelekwa asiombe mtu chochote. Kontena ni hivyo hivyo. Linabeba kila kitu chake ndani.

Siku ya kwanza plagini ilikataa kuingia kwa sababu toleo lake na toleo la dashibodi yalitofautiana tarakimu ya mwisho. Si ya kwanza wala ya katikati, ya mwisho. Nilibadilisha dashibodi ifuate plagini, dashibodi ikakataa kusoma logi za zamani. Nikairudisha. Siku ya tatu kontena liliwaka, likakaa kama sekunde arobaini, likafa. Nikaliwasha, likafa. Niliandika swali langu mtandaoni na nikakuta kuna mtu aliyekuwa ameliuliza zamani, neno kwa neno, na chini yake yeye mwenyewe amejibu: nimeshatatua, asanteni. Basi. Hakusema ametatua vipi. Mtu huyo sijui yuko wapi duniani lakini nimewahi kumwombea mabaya.

Tatizo lilikuwa memori. Nikaongeza. Karatasi ya kwanza ikatoka, na mahali pa maneno palikuwa na visanduku vitupu, mistari na mistari ya visanduku, kwa sababu ndani ya kontena hamkuwa na herufi. Nilicheka mpaka muuza mabati wa chini akapanda kuuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo siku ya nane nikitazama mashine iliyobeba kila kitu isipokuwa alfabeti, na kila jioni anti alikuwa anapiga simu na swali moja.

"Karatasi imetoka?"

"Bado, anti."

"Pole, mwana wakwa, mwanangu. Usijiumize."

Nilichukia ile pole. Yeye ndiye aliyekuwa anangojea kuhukumiwa, na mimi ndiye niliyepewa pole. Kuna unyonge wa kukosa nguvu, na kuna unyonge wa kuonekana na watu kuwa una nguvu huku wewe unajua huna. Huo wa pili ndio ulionikaa.

Siku ya kumi na moja, mchana, karatasi ilitoka. Kichwa cha habari kilikuwa sawa. Mchoro ulikuwa sawa: mstari wa kijani umenyooka, na penye siku tatu mbaya umeanguka kama ngazi iliyovunjika. Chini yake jedwali lenye safu tatu. Niliangalia ule mstari ulioanguka, nikahesabu mara tatu, moja, mbili, tatu, nikalia kidogo. Jedwali niliona lipo. Nilifurahi herufi zimetokea. Sikusoma zilisema nini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusoma. Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimeshajiambia kwamba karatasi ile si yangu, kwamba usafi wake wote uko katika mimi kutoigusa. Nikaweka ratiba, plagini itume kila Jumatatu asubuhi, nikaondoa mikono. Jumatatu ikaituma yenyewe kama nilivyoahidi. Karani akaichapisha nakala kumi. Mimi na koti langu tukaenda Kalama.

Mkutano ulifunguliwa kwa maombi marefu. Anti alikaa kwenye benchi la pembeni, karibu na mlango, ufunguo shingoni na kaunta buku kwenye mapaja. Alikuwa amevaa leso mpya kichwani. Ilipofika ajenda ya nne, mwenyekiti alivaa miwani, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akawaambia wajumbe, "Hii ndiyo karatasi tuliyoahidiwa. Haijaguswa na mtu." Kisha akaanza kusoma, akizigeuza saa za karatasi kuwa saa za Kiswahili kwa utaratibu wa mwalimu.

"Jumanne. Stima ilipotea saa kumi na dakika kumi, alfajiri. Ikarudi saa moja na dakika tano, asubuhi."

Akanyoosha mkono. Anti akampelekea kitabu. Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ile ile. "Jumanne. Stima ilipotea saa moja na dakika kumi, asubuhi. Ikarudi saa nne na dakika tano."

Mimi nilidhani amekosea kusoma.

"Ijumaa," akaendelea. "Karatasi inasema stima ilirudi saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kitabu kinasema saa tatu na dakika arobaini." Akasoma na ya tatu. Ya tatu pia ilikuwa hivyo. Kisha akavua miwani. "Kwa hivyo stima inarudi saa moja, na watu wanapata maji saa nne. Masaa matatu. Kila mara masaa matatu. Njia ya mwongo ni fupi."

Masaa matatu. Nilijua mara moja. Kontena hubeba kila kitu chake ndani, na saa pia hubeba yake, na saa hiyo usipoiambia lolote hufuata saa ya kuhesabia dunia nzima, ile ya kule Uingereza, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa matatu. Dashibodi nilipoifungua kwenye kompyuta yangu ilitumia saa ya kompyuta yangu, saa ya Machakos. Plagini ilipoifungua kutoka ndani ya kontena, ilitumia saa ya kontena. Logi zilikuwa za kweli. Kitabu kilikuwa cha kweli. Karatasi peke yake ndiyo iliyokuwa imeandikwa na mgeni asiyejua yuko nchi gani.

Nilisimama. "Mwalimu, naomba kusema kitu."

"Kupitia kiti," akanikumbusha utaratibu wa mikutano.

"Kupitia kiti, mwalimu, hiyo saa imekosea. Hiyo ni saa ya Uingereza. Lazima uongeze masaa matatu."

Kuna mtu alicheka nyuma. Mjumbe mmoja, mama wa kanisa mwenye sauti nzito, akauliza, "Saa ya wazungu imeingiaje huku Kalama? Hii stima ilipotelea Uingereza?"

Wakacheka wote. Nikatoa simu, nikafungua dashibodi, nikampelekea mwenyekiti. Pale kwenye simu zilikuwa saa za kweli, saa moja na dakika kumi, saa nne na dakika tano. Aliziangalia kwa makini. Mgala muue na haki yake umpe: aliziangalia kweli, akalinganisha mstari kwa mstari.

"Simu inasema saa nne," akasema. "Karatasi inasema saa moja. Si ni mashine moja?"

"Ni moja."

"Sasa tuamini gani? Karatasi imetoka yenyewe, haikuguswa. Hii simu iko kwa mkono wako." Alinirudishia simu kwa upole. "Si wewe ulituambia mashine haidanganyi?"

Nimezoea kubishana, nyumbani huitwa wakili. Kila nilichoweza kusema nilikuwa nimekwisha kukiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe wiki mbili nyuma.

"Ripoti imesomwa," mwenyekiti akasema. "Nani anapendekeza ipitishwe?"

Mkono ukainuka. Nani anaunga? Mkono mwingine. Karani akaandika. Watu wa nje huenda wasijue uzito wa jambo hilo. Kwetu, iwe ni kamati ya maji, ya mazishi au ya shule, kitu kikishapendekezwa na kuungwa mkono kimekuwa. Hata aliyekipendekeza hawezi kukigusa. Kitarudi mkutano unaofuata, chini ya mambo yatokanayo, na mkutano unaofuata ulikuwa baada ya miezi mitatu. Nilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana nilitaka karatasi ipitishwe hivyo, haraka, na kufungwa. Nilikuwa nimemtengenezea anti mlango usiofunguka, kisha nikamfungia upande mbaya.

Wakasema apumzike kwanza. Ndivyo walivyosema, apumzike. Anti hakubisha. Aliivua ile kamba ya kiatu kwa kuipitisha juu ya leso yake mpya, akaweka ufunguo mezani. Alinyoosha mkono achukue kitabu chake na mwenyekiti akasema kitabu kitabaki na kamati. Akaurudisha mkono. Alipopita karibu nami hakunitazama vibaya. Ningefurahi kama angenitazama vibaya.

Kesho yake asubuhi nilirekebisha. Ilikuwa mstari mmoja. Katika faili la kontena unaandika jina la ukanda wa saa zetu, unazima, unawasha. Nilichukua muda mrefu zaidi kuchemsha chai. Karatasi mpya ikatoka, saa moja na dakika kumi, saa nne na dakika tano, nikaituma kwa baruapepe ya kanisa na kwa simu ya mwenyekiti na maelezo marefu yenye unyenyekevu wote niliokuwa nao. Akajibu siku hiyo hiyo: "Imepokelewa. Itaingia kwa mambo yatokanayo."

Pampu walimpa kijana wa mjumbe mmoja, baba wa watoto wawili, mtu mpole. Hakuandika chochote na hakuna aliyemwomba aandike. Stima ilipopotea asubuhi na watu wakanung'unika, alikuwa anawaambia wangoje Jumatatu. Jumatatu karatasi ilikuja, saa zimenyooka, ikabandikwa kwenye mlango wa kibanda, watu wakasoma wakaridhika. Plagini yangu ilifanya kazi vizuri sana. Wiki baada ya wiki ilimtetea mtu ambaye hakuihitaji. Mara mbili nilifikiria kuizima. Sikuizima, kwa sababu ningeizima ingekuwa kwa hasira tu, na watu wangeanza kumsema yule kijana kama walivyomsema anti.

Miezi mitatu ikapita. Chini ya mambo yatokanayo kamati ilikubali kwamba palikuwa na hitilafu ya saa katika ripoti ya kwanza. Karani aliiandika kwa mstari mmoja. Mtu akauliza kama yule mama wa pampu arudi kazini, mwingine akasema kijana ameshazoea, na anafanya vizuri, angalieni ripoti zake. Wakaamua aendelee mpaka mwisho wa mwaka. Mimi nikashukuriwa kwa utaalamu. Mwenyekiti akatoa kaunta buku kwenye mfuko wake wa plastiki, akasema naweza kumrudishia mwenyewe.

Nilimkuta anti uani anapura maharagwe, nikakaa kando yake. Sikujua nianze wapi, nikaanza na kontena, na sanduku la bweni, na saa iliyokuwa ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipepeta.

"Kwa hivyo hiyo mashine ilikuwa na saa yake," akasema.

"Ndiyo, anti."

"Na hakuna mtu aliiuliza ni saa ngapi?"

"Hakuna."

"Mimi naulizanga redio kila siku," akasema, bila ubaya wowote.

Nikasema nisamehe. Akasema, aiee, wacha hayo, lete kitabu. Alipangusa mikono kwenye kanga, akafungua ukurasa wa mwisho alioandika, akaomba kalamu. Aliitazama saa yake ya mkononi kwa muda, kisha akaandika, kwa ule mwandiko mkubwa wa polepole: Saa nane na dakika ishirini mchana. Kitabu kimerudi.

"Hebu angalia kwa mashine yako," akasema. "Inasema saa ngapi?"

Nikatoa simu. "Saa nane na dakika ishirini."

"Nesa, ni vyema," akasema. "Sasa tunakubaliana." Akafunga kitabu, akaniwekea mapajani, akarudi kwenye maharagwe yake.